Umempeleka mtoto kula mgahawani mjini: umwagizie nini, uache nini?

Mama, safari yenyewe mara nyingi huanza hivi. Umepanda Haisi asubuhi pale Kanazi, umeshuka stendi ya Bukoba, umemaliza kilichokuleta: kliniki, benki, au kumfuatilia mtu wa ofisini ambaye hakuwepo. Imefika saa saba mchana na mtoto analia njaa. Mbele yenu kuna mgahawa wa kisasa, wenye picha za baga na piza ukutani na menyu ya maneno ya Kiingereza. Mtoto ameshaziona picha. Anakuvuta mkono.

Au hukupanga wewe. Shangazi yake amekuja likizo kutoka Dar es Salaam au Mwanza, anasema leo hakuna kupika, twendeni tukale nje. Unafurahi, na huku unajiuliza tumbo la mtoto litasemaje usiku.

Makala hii haikukatazi kwenda. Kula nje na watoto ni furaha, na kwa mama anayepika kila siku ni mapumziko ya haki. Tunachotaka ni uingie ukijua sahani ipi inamsaidia mtoto, ipi inampita tu, na ipi inaweza kumlaza zahanati.

Mwenyewe niliingia mgahawa wa namna hiyo na mtoto wa dada yangu, umri wake miaka mitatu. Tuliagiza kuku, chipsi, baga moja ya mtu mzima na kachumbari. Kuku alikuja wa moto, ameiva mpaka kwenye mfupa. Kwa kweli alikuwa kuku mzuri. Baga ilikuwa nyekundu katikati. Kachumbari ilitolewa kwenye beseni lililokuwa wazi kaunta, na nzi walikuwa wameshatutangulia. Soda ya mtoto ililetwa kabla hatujaiomba, kama vile ni desturi ya nyumba. Mtoto akanywa soda, akala chipsi akashiba, na kuku yule mzuri akaliwa na mimi. Nilirudi nyumbani nimeshiba protini ambayo haikuwa yangu.

Chipsi ni ndugu wa ndizi

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalogusa watoto wa kwetu zaidi kuliko nzi na beseni.

Chakula chetu ni ndizi. Ndizi ni chakula kizuri: inatia nguvu, ina potasiamu, na tumbo la mtoto linaikubali. Ila ina protini kidogo, madini ya chuma kidogo na zinki kidogo. Mtoto aliyemaliza sahani ya ebitoke na mchuzi wake anaonekana ameshiba, na kweli ameshiba, lakini mwili haujapata vya kutosha kujenga misuli, damu na ubongo. Hii ndiyo sababu moja inayofanya mkoa wenye migomba kila nyuma ya nyumba uwe na watoto wengi wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Tanzania, kati ya watoto 100 walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa. Kagera kwa miaka mingi imekuwa juu ya wastani wa nchi. Si kwamba watoto hao walilala njaa. Wengi walilala wameshiba kitu kimoja.

Sasa itazame sahani ya mgahawani kwa jicho hilo. Chipsi ni viazi. Viazi vinakaa kundi moja na ndizi, mihogo, magimbi, wali na ugali: vyakula vya kutia nguvu. Mkate wa baga upo humo humo. Unga wa piza upo humo humo. Kwa hiyo ukimwagizia mtoto chipsi kavu na soda, umelipa nauli na pesa ya mgahawa ili umpe kile alichokula jana nyumbani, kikiwa kimeongezwa mafuta, chumvi na sukari.

Kilichopo mgahawani na ambacho nyumbani hakionekani kila siku ni kuku, yai, samaki, maini na nyama. Vyakula hivi vinatokana na wanyama, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate angalau kimoja kila siku. Hapo ndipo pesa yako iende. Kama uliyonayo ni ya sahani moja, agiza kipande cha kuku na supu, na chipsi ziwe za kugawana. Kama haitoshi kuku, agiza mayai. Watu wanaidharau chipsi mayai, wanaiita zege kana kwamba ni chakula cha vijana wa bodaboda tu, lakini mayai mawili yaliyoiva pande zote mbili ni afadhali mara nyingi kuliko baga ya bei kubwa yenye kipande chembamba cha nyama usichojua kilisagwa lini. Mkatie mtoto sehemu yenye yai jingi.

Kuna jambo dogo la mpangilio ambalo wengi hatulifikirii. Mtoto anakula vizuri dakika kumi za kwanza. Tumbo la mtoto wa miezi 6 hadi 8 linabeba kiasi cha kikombe cha chai tu, na hata wa miaka mitatu hana nafasi kubwa. Kinachotangulia ndicho kinachokaa. Chipsi zikifika kwanza na soda pembeni, kuku atakuta nyumba imejaa. Mwambie mhudumu: "Dada, naomba kuku atangulie, vingine baadaye." Hakuna atakayekushangaa. Mchambulie nyama, itoe kwenye mfupa na ngozi, mpe kwa vidole, ndipo chipsi zije.

Na kama ni msimu wa senene, ule wa Novemba na Desemba, usipite mbele ya wauzaji bila kuwatazama ukidhani chakula bora ni cha menyu. Senene wana protini, mafuta na madini. Kwa mtoto mdogo waondolewe miguu na mabawa, waive vizuri na wapondwe. Mara ya kwanza mpe kidogo na umwangalie, kwa maana wapo watu ambao miili yao inawakataa: ngozi inawasha, midomo inavimba. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Soda iliyokuja bila kuombwa

Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 35 au zaidi kidogo, yaani vijiko vya chai 8 hadi 9. Chukua kikombe nyumbani, pima vijiko tisa, uvitazame. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni chini ya gramu 30 kwa siku nzima. Chupa moja imeshavuka. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2, soda na juisi za pakiti zisiwepo kabisa.

Meno yanaoza, hilo unalijua. Lisiloonekana ni kwamba sukari inaua hamu ya kula, na mtoto anaacha kile kipande cha kuku ulichokilipia.

Ugumu huwa pale mgeni anapolipa. Huwezi kumwambia shangazi aliyesafiri usiku mzima kwamba soda yake ni mbaya. Sema kwa upole: "Shangazi, asante sana, huyu akinywa soda hali kitu. Tumpe maji, soda yake nitamwekea." Kama ni mama mkwe ndiye anayemnywesha, mwachie funda mbili, kisha sogeza sahani ya kuku karibu. Kuna vita vya kupigana na vingine vya kusogeza sahani tu.

Mpe nini basi? Maji ya chupa ambayo kizibo chake umekisikia kikikatika wakati wa kufungua, au maji yaliyochemshwa uliyotoka nayo nyumbani. Maziwa yaliyochemshwa au mtindi wa kiwandani ni sawa kwa aliyetimiza mwaka. Juisi ya kusagwa hapo hapo inavutia, parachichi au embe, lakini uliza maji yake yametoka wapi na kama wanatia barafu. Barafu ni maji yaleyale ya bomba, kuganda hakuyachemshi. Ukijibiwa kwa kusitasita, agiza chungwa zima na ulimenye mwenyewe. Chungwa lina faida nyingine: vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga.

Chai na kahawa hufanya kinyume chake. Ukinywa pamoja na chakula vinazuia madini ya chuma. Sisi watu wa Kagera na kahawa yetu hatupendi kuambiwa hivyo. Mtu mzima anywe saa moja baada ya kula. Mtoto hana haja nayo, wala chai ya rangi iliyozoeleka kupewa watoto na mkate.

Kuusoma mgahawa kabla hujakaa

Tangu ugonjwa wa Marburg ulipotokea Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023, ndoo za maji zenye koki zilitokea mlangoni kwa kila mtu, hata kwa muuza karanga. Watu sita walifariki katika mlipuko ule kabla haujatangazwa kwisha mwezi Juni. Ndoo nyingi bado zipo. Nenda uifungue koki. Maji yakitoka na sabuni ipo, umepata habari njema kuhusu jikoni. Ndoo kavu yenye vumbi inakuambia kitu pia.

Kisha tazama mikono. Yule anayepokea pesa ndiye anayekata kachumbari? Kisu kilichokata kuku mbichi ndicho kinachokata nyanya? Kuku mbichi hubeba bakteria, na moto huwaua. Nyanya haipikwi, kwa hiyo wanaohamia kwenye nyanya hawauawi na yeyote. Ukiweza, pita karibu na jiko ukijifanya unatafuta choo. Na choo chenyewe ukitazame: kikikosa maji, waliokitumia wakarudi jikoni hawakunawa.

Mafuta ya kukaangia yaliyochoka unayajua kwa rangi, moshi na harufu. Yakiwa meusi, yanatoa povu na kukereketa koo, yametumika mara nyingi mno. Chipsi zake hunywa mafuta, zinalegea na kuacha ladha ya uchungu. Mtoto akila mara moja hatakufa, lakini tumbo linaweza kumsumbua, na hakuna sababu ya kulipia.

Ila kitu chenye nguvu kuliko vyote ni moto. Chakula kilichopikwa sasa hivi na kuja mezani kikitoa mvuke, hata katika mgahawa wa kawaida, ni salama kuliko chakula kizuri kilichopikwa saa nne asubuhi kikakaa kwenye kabati la vioo lenye taa. Ile taa inapendeza, inafanya kuku ang'ae, lakini mara nyingi haitoi joto la kutosha. Bakteria wanaongezeka haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60, na kabati la vuguvugu liko katikati yake. Usione aibu kusema: "Kaka, naomba nipikiwe kipya, nitasubiri." Kusubiri nusu saa na mtoto mwenye njaa ni kazi, najua, ndiyo maana ni vizuri kutoka nyumbani na ndizi mbivu moja au mbili kwenye mkoba.

Kuku, baga, na ile nyekundu ya katikati

Kuku mchane penye paja, karibu na mfupa. Majimaji yawe meupe, nyama isiwe ya waridi. Ikiwa ya waridi, irudishe jikoni.

Baga inahitaji ukali zaidi, na sababu yake inafaa kuelezwa. Kwenye kipande kizima cha nyama, bakteria hukaa juu, na moto wa nje unawamaliza. Nyama ikisagwa, ya juu inaingia ndani, na bakteria wanasambaa mpaka katikati. Kwa hiyo mshikaki uliobaki mwekundu kidogo ndani na baga nyekundu ndani si kitu kimoja. Mwaka 1993 huko Marekani, baga za mgahawa wa Jack in the Box ambazo hazikuiva vya kutosha ziliwaugusha watu zaidi ya 700. Wengi walikuwa watoto, na watoto wanne walifariki. Bakteria wa aina ile hutoa sumu inayoweza kuharibu figo za mtoto mdogo. Nchi yenye majokofu kila kona na wakaguzi wengi iliponzwa na baga mbichi, sisi tusiichezee. Baga ya mtoto iwe ya kahawia kote au isiliwe. Ile tuliyoletewa mimi na mtoto wa dada niliirudisha jikoni, ikarudi ngumu kama soli, na bado nadhani nilifanya vizuri.

Mayai nayo yaive mpaka kiini kigande, kwa mtoto na kwa mjamzito vilevile. Mayonezi ya kutengenezwa hapo hapo hutumia yai bichi, iache. Tomato sosi si hatari, lakini chupa nyingi za mezani hujazwa upya na kuongezwa maji, halafu mdomo wake unashikwa na kila mteja. Pia ina sukari na chumvi kuliko inavyoonekana. Nusu kijiko pembeni ya sahani inatosha.

Kachumbari ndiyo inayonipa shida kuisema, kwa sababu naipenda. Ni mboga mbichi iliyoshikwa kwa mikono na kuoshwa kwa maji usiyoyajua. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, na kwa mtu yeyote mwenye kinga dhaifu, mwombe mhudumu mboga iliyopikwa, au parachichi zima likatwe mbele yako.

Umri wa mtoto unabadilisha mambo

Aliye chini ya miezi sita hana chake mezani. Anyonye maziwa ya mama tu, hata maji hayahitaji, na wewe mama unyonyeshe hapo hapo kwa raha zako. Kama mgahawa una kona tulivu, iombe. Usimwonjeshe sosi wala mchuzi kwa kidole kwa sababu kila mtu anacheka akikunja uso.

Kuanzia miezi sita hadi mwaka, chakula chake bora ni kile ulichokuja nacho kwenye kopo safi: ndizi iliyopondwa na maharage, dagaa waliosagwa au njugu zilizosagwa. Ongeza maini au kuku laini kutoka kwenye sahani yako, ukiwa umeiponda mwenyewe kwa kijiko. Chumvi ya mgahawani ni nyingi kwake, kwa hiyo chukua nyama ya ndani, usichukue ngozi yenye viungo. Asali asipewe kabla ya mwaka, hata ikiwa ile ya asili ya kwa babu, kwa maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Aliyetimiza mwaka anaweza kula karibu vyote tulivyovisema, mradi viive na vikatwe vidogo. Hapo kwenye kukata ndipo penye ajali.

Soseji, mfupa na kicheko

Soseji ina upana unaolingana na koo la mtoto. Ikikatwa vipande vya mviringo kama sarafu inaziba koo kama kizibo. Ikate kwa urefu kwanza, mara mbili, kisha vipande vidogo. Zabibu pia zikatwe kwa urefu. Karanga nzima na bisi zisiliwe na mtoto wa chini ya miaka minne au mitano. Mtoto ale ameketi. Asikimbie kati ya meza na chipsi mdomoni, na asichekeshwe akiwa anatafuna, jambo ambalo wajomba hulipenda sana.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kukohoa kunasaidia. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, usisubiri, na asipewe maji. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kifua, mpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Isipotoka, mgeuze chali umkandamize kifua katikati kwa vidole viwili, mara 5. Rudia moja na nyingine. Aliyezidi mwaka mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5. Isipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, mzungushie mikono, kunja ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute kuelekea ndani na juu mara 5. Usiingize kidole mdomoni kama hukioni kilichokwama, utakisukuma zaidi. Mtu mwingine aite msaada wakati huo huo. Akipoteza fahamu, mlaze chini, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia hewa kama umefundishwa, huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali.

Kilichobaki kwenye karatasi ya fedha

Hatuachi kuku mezani, na hatupaswi kuacha. Shida ni kwamba kuku aliyefungwa wa moto ndani ya mfuko, akakaa stendi kusubiri Haisi ijae, akashuka Kanazi jioni, amepitisha saa nyingi akiwa vuguvugu. Kanuni ni saa mbili tangu apikwe. Ukiona hamtafika ndani ya muda huo, mmalizeni hapo hapo au mpeni mtu aliye karibu ale. Mkifika mapema, asiliwe hivyo hivyo: mkate vipande, mpashe mpaka mchuzi uchemke na mvuke utoke katikati ya nyama, na aliwe usiku huo. Kumbuka lakini kwamba baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo moto hauiondoi, kwa hiyo kupasha hakuokoi chakula kilichokaa kutwa. Chipsi zilizobaki hazina cha kuokolewa. Baga yenye mayonezi na kachumbari ndani, itupe.

Usiku akiharisha

Mara nyingi ni kuharisha mara chache na kunaisha. Kinachoua mtoto ni kuishiwa maji. Kama ananyonya, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mpe maji ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole. ORS iliyochanganywa imwagwe baada ya saa 24. Asipewe soda; utasikia ushauri huo wa soda iliyotolewa gesi, lakini sukari yake nyingi inavuta maji kuingia kwenye utumbo na kuharisha kunazidi. Aendelee kula vyakula vyake vya kawaida. Usimpe dawa ya kufunga choo ya watu wazima, wala antibayotiki iliyobaki kabatini.

Kituoni uombe zinki pamoja na ORS: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, miligramu 10 kwa aliye chini yake, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha siku ya tatu choo kikikaza. Zinunuliwe zote na zimalizwe, kwa maana zinapunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi inayofuata.

Usingoje asubuhi ukiona damu kwenye choo, macho yaliyoingia ndani, mtoto analegea au haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au choo ni kama maji ya mchele na hakikatiki. Homa kali nayo ipelekwe, kwa sababu kwetu inaweza kuwa malaria na haina uhusiano wowote na kuku wa mchana. Mwambie mhudumu alikula nini, wapi na saa ngapi, na kama wengine waliokula naye wanaumwa.

Mkiumwa watu wawili au zaidi mliokula pamoja, mpe taarifa pia afisa afya wa kata au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Afisa afya ana mamlaka ya kwenda kukagua jiko lile, na hahitaji jina lako kutajwa kwa mwenye mgahawa.